Mtulinga wa Doto

SEHEMU YA KWANZA: KARATASI YA KIJANI

Gari la eksirei lilifika machimboni saa mbili asubuhi. Hadi saa tatu foleni ilikuwa imeyazunguka makarasha mawili ya kusagia mawe, mkia wake ukaishia kwa mama wa chapati, ambaye siku hiyo aliuza kuliko siku ya mgawo. Wachimbaji walikuja na vumbi lao usoni, jeupe kama unga wa muhogo, wengine wakiwa bado na tochi kichwani. Walikuja wakitania. Machimboni mwanaume akiogopa kitu hukitania kwanza.

“Sista, hiyo mashine inaona na dhahabu niliyomeza?”

“Inaona mpaka mke uliyemkimbia Sengerema.”

Foleni ikaangua kicheko. Mzee mmoja hakucheka. Alikuwa mwenyeji wa Rwamgasa, akanikumbusha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000, Umoja wa Mataifa ulipoleta mradi wa zebaki kijijini kwao, wataalamu walichukua damu, mkojo na nywele za watu.

“Mimi nilishawapa vyote hivyo, mjukuu wangu. Safari hii mmebakiza nini?”

“Pumzi tu, babu. Ukiambiwa vuta, unavuta unaishika. Basi.”

Naitwa Shija. Kwa Msukuma jina hilo ni wasifu tosha: mimi ndiye niliyezaliwa baada ya mapacha. Kulwa alitangulia, Doto akamfuata, na miaka mitatu baadaye nikaja mimi na kupewa jina la anayepita njia iliyokwisha kupitwa. Nyumbani ni Kishapu, Shinyanga, kwenye pamba na ng'ombe. Kaka zangu waliiacha pamba wakaja Geita kutafuta mali. Mimi nilisomea uuguzi, na mwaka huo wa kiangazi kikali nikapangiwa kazi kwenye gari la eksirei: kuandikisha watu, kuwaeleza, kuchukua idhini zao, kukusanya makohozi. Duara walilokuwa wanachimba Kulwa na Doto lilikuwa hatua mia mbili kutoka tulipoegesha.

Kwa hiyo jioni ya kuamkia siku ile nilimwita pembeni mwenzangu wa mionzi, kijana mpole kutoka Dar. “Ndugu zangu wakija, waandikishe wewe. Mimi nisiguse faili zao.” Niliona ndio uadilifu. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi tangu hapo, na bado naliona lilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa mjue gari lile linavyofanya kazi. Picha ya kifua ikishapigwa haimsubiri daktari. Programu ya akili mnemba huisoma kwa muda mfupi na kutoa namba kati ya 0 na 100. Shirika la Afya Duniani lilizikubali programu za namna hii mwaka 2021, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, na sababu yake haihitaji mtu wa Kanda ya Ziwa kuelezwa: madaktari wa kusoma picha ni wachache, na hao wachache hawakai machimboni. Namba si ugonjwa. Inasema tu nani apewe kikopo akatoe makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert. Je, mstari unachorwa wapi? Hapo programu haijui kitu. Mstari huchorwa na watu, mezani, jicho moja kwenye wagonjwa na jingine kwenye bei ya vipimo. Wetu ulikuwa 50.

Kuna jambo la pili, na hili wachimbaji walilijua kabla yetu. Mtu aliyekaa miaka akitoboa mwamba mkavu na kuponda mawe bila maji ana vumbi la mawe ndani ya mapafu, na vumbi hilo haliondoki. Halina dawa. Linaacha makovu, na makovu huweza kuichanganya programu. Tena vumbi hilo hilo humfungulia mlango kifua kikuu. Basi ukiwa na kifua cha mchimbaji, mashine inakutazama kama polisi anavyomtazama kijana mwenye rasta. Kijana mmoja kwenye foleni alisema bora tungeleta wale panya wa Morogoro waliofundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa makohozi. “Panya hana bosi,” alisema.

Alikuwa na maana yake. Mwenye leseni ya eneo lile wote humwita Mzee Leseni, hata wanawe. Ndiye aliyetoa dizeli ya jenereta, turubai na mchele wa timu nzima. Tulipokaa naye usiku uliotangulia alitaka kitu kimoja tu: orodha.

“Nijue nani mgonjwa, asiniambukizie watu chini.”

Mwenzangu wa mionzi akamjibu kwa adabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inaihesabu afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Hatuwezi kutoa majina ya wagonjwa.

“Nani kataja wagonjwa?” Mzee Leseni akacheka, mkono kifuani. “Wagonjwa kaeni nao na siri yenu. Mimi nipeni wazima. Mwenye mapafu mazuri mwandikieni chiti, karatasi ya kijani. Huyo ndiye atashuka.”

Nikamuuliza: na yule atakayekosa chiti, ambaye mapafu yameharibikia humu humu kwenye eneo lako, nani anamlipa?

“Mwanangu, mimi si mwajiri. Mimi nina leseni.”

Hakusema uongo. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na tangu 2015 waajiri wanauchangia, lakini mfuko huo humtafuta mwajiri kwanza. Afrika Kusini wachimba dhahabu walioumwa mapafu waliyashtaki makampuni makubwa, na mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ikaidhinisha makubaliano ya fidia kwa waliofanya kazi tangu 1965. Wale walikuwa na kumbukumbu za ajira. Kaka zangu walikuwa na viroba vya mawe, vinavyogawanywa kila mwamba ukitoa: hivi vya mwenye leseni, hivi vya mwenye duara, hivi vya aliyelisha watu, na vilivyobaki vya walioshika nyundo.

Kiongozi wa msafara wetu akayatazama madumu ya dizeli. Akasema chiti cha kijani hakivunji sheria yoyote. Mimi nilikaa kimya, na mchele nikaula.

Kufika adhuhuri ya siku ile hakuna aliyehitaji orodha. Mama wa chapati alikuwa anajua. Mwenye kibanda cha sigara alikuwa anajua. Vijana waliotoka garini na karatasi waliibandika kwenye kofia ngumu kama beji ya chama. Waliotoka na kikopo walikificha ndani ya shati, na kikopo cha makohozi ndani ya shati kinaonekana kuliko bendera.

Doto nilimwona kwa mbali mara mbili. Mara ya kwanza, asubuhi, nikiwa kwenye turubai la makohozi, alinipungia mkono. Mara ya pili ilikuwa kama saa tisa, amevaa koti la Kulwa la kaki. Nikadhani ni Kulwa. Watu wote hudhani hivyo. Hata mayu, mama yetu, huwatofautisha kwa sauti.

Jioni watu walipotawanyika nikaanza kuhesabu. Majina ya waliovuka mstari yalikuwa 32, vikopo vilivyorudi 31. Nikapitisha kidole kwenye kishikwambi kutafuta aliyeondoka na kikopo chetu. Jina likatokea: Doto. Namba yake 52.

Nilikuwa nimeapa kutogusa faili zao. Lakini kikopo kilikuwa kazi yangu. Nikaifungua picha.

Nani asiyeujua mtulinga wa Doto? Alikuwa na miaka tisa alipodondoka kwenye mkwaju wa uani kwetu, akitafuta ukwaju ambao mimi ndiye niliyeulilia. Fundi wa mifupa alimfunga kwa vijiti na kamba, mfupa ukashika, lakini ukashika upande. Ukipitisha mkono begani mwake unakuta kifundo kama cha mua. Sasa nilikiona kwa ndani, cheupe, upande wa kushoto, na kwa mara ya kwanza siku ile nikatabasamu. Ukwaju wangu ule.

Kisha nikafungua picha ya Kulwa, niwatazame wote wawili. Namba 48. Chini ya mstari. Chiti cha kijani kimetolewa.

Upande wa kushoto, juu, kulikuwa na kifundo.

Nikarudi kwenye picha ya Doto. Kifundo. Nikarudi ya Kulwa. Kifundo kile kile, na mbavu zile zile. Kifua kimoja kimepigwa picha mara mbili, asubuhi kwa jina hili na alasiri kwa jina lile. Pumzi ya pili haikuvutwa kama ya kwanza, na mstari wetu wa 50 ukapita katikati ya mtu mmoja, ukamwambia wewe mzima, ukamwambia wewe mgonjwa.

Kaka yangu mkubwa hajawahi kuvunjika mtulinga.

Nje ya turubai mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha chini, cha mtu anayekibana kwa kitambaa. Kikarudi mara tatu. Halafu sauti ambayo mayu asingeikosea ikasema kwa taratibu:

“Shija. Zima hiyo taa.”


SEHEMU YA PILI: KIKOPO CHA 33

Nilizima taa, nikavaa barakoa. Kulwa aliniona nikiivaa, hata gizani.

“Ndio maana sikuja mchana,” alisema.

Tulitembea bila kuongea hadi kwake. Makarasha yalikuwa yamenyamaza, kasoro moja la mbali lililokuwa bado linasaga. Kulwa alitangulia, na nilipomtazama kwa nyuma suruali ilikuwa imeshikwa kiunoni kwa kamba ya katani. Kaka yangu aliyekuwa akibeba gunia la pamba peke yake sasa alikuwa anapanda kilima kifupi kwa kusimama mara mbili, na kila akisimama anajifanya anafunga kiatu.

Nyumba yao ni turubai na mabati. Wifi yangu alikuwa nje anakoroga michembe kwenye sufuria, mtoto wa miezi minane mgongoni. Aliponiona alishtuka, akainama kunisalimia, kisha akakumbuka kuwa mimi ni Shija tu, akacheka.

“Karibu, wifi.” Akamgeukia mtoto. “Shangazi yako kaja.” Mtoto akaiangalia ile barakoa, akalia.

Kwenye kona ya jiko kulikuwa na kibakuli cha bati kilichoungua chini kikawa na rangi ya upinde wa mvua. Nilijua kinafanya nini. Wanawake wa mwaloni hupewa marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa, wayaoshe tena, na kidonge chao cha dhahabu na zebaki hukichomea hapo hapo jikoni, moshi ukipita kwenye michembe na kwenye pua ya mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Nilitaka kusema kitu, nikaona hapa kila ninapoweka jicho pana somo, na nilikuja kwa somo moja.

“Tangu lini?”

“Nini?”

“Kulwa.”

Akakaa kwenye dumu. Doto alikuwa ameshafika, amekaa kizani, koti la kaki amelikunja mapajani.

Alianza kukohoa mwaka juzi, alisema, kwenye machimbo mengine kabisa. Zahanati ya huko walimpima, wakampa dawa za bure. “Zile zinazofanya mkojo uwe rangi ya chungwa.” Mwezi wa pili akapata nguvu, akaongezeka mwili. Ndipo ikaja habari kwamba upande huu mwamba umetema, watu wanahama na sufuria zao. Akahama. Dawa hakuzifuata. “Nilikuwa nimepona, Shija. Mtu aliyepona anywe dawa za nini?”

Dawa zile ni za miezi 6. Kila muuguzi nchini anaikariri sentensi hiyo. Lakini aliyepanga miezi 6 alikuwa anamfikiria mtu mwenye anwani.

“Na sasa?”

“Sasa tumefika kwenye mwamba. Miezi minane tunachimba kwa mkopo, mchele mkopo, baruti mkopo. Juzi tumepiga, jiwe limeng'aa lenyewe, halihitaji tochi. Wiki moja, mdogo wangu. Tupandishe viroba, tugawane, niende popote unapotaka kunipeleka. Nikitoka leo, jina langu limetoka kwenye mgawo. Wewe unajua.”

Nilijua. Nilijua pia duara lao lina watu kumi kwa zamu, mita karibu sabini chini, hewa ikipelekwa kwa bomba moja la plastiki.

“Na wenzako?”

Hakujibu. Wifi aliacha kukoroga.

“Na huyu?” nikamwonyesha mtoto.

Doto ndiye aliyejibu. “Ndio maana tukafanya tulivyofanya. Tulitaka tupate chiti, si tukudanganye wewe. Wewe tulijua hutakaa mezani.” Alinitazama. “Ulitwambia mwenyewe.”

Kweli, niliwaambia. Kwa simu, nikijisifu.

Kulikuwa na jambo ambalo bado hawajalisema, na ni wifi aliyelitoa, macho kwenye sufuria. Mayu alikuwa amepiga simu mara tatu wiki ile. Ameota. Amekwenda kwa mganga na shati la Kulwa, na mganga amesema kikohozi hicho si cha Mungu, kina mwenyewe, na mwenyewe anakaa karibu na ana macho mekundu.

Mwili ukanisisimka. Karibu na kwetu kuna nyumba moja tu, ya bibi aliyetukata vitovu sote watatu. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba miaka yote ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Usukumani hakuna anayehitaji kuelezwa macho mekundu ya ajuza yamewahi kugharimu nini. Tumezika bibi za watu kwa sababu ya kikohozi cha mtu mwingine.

Hapo nikaona siri ya mgonjwa, ile niliyofundishwa niilinde kama roho, ina tumbo lake. Usipoutaja ugonjwa kwa jina, watu watautafutia jina. Na sikuwa na uhakika hata kidogo kama nina haki ya kuutaja.

Nikatoa kikopo mfukoni. Nilikuwa nimekichukua bila kukiandika, cha 33.

“Nipe makohozi. Si mate, makohozi, kutoka chini. Nenda pale kwenye upepo.”

“Na jina?”

“Halitafika kwa Mzee Leseni.”

“Apa.”

“Kulwa, mimi muuguzi...”

“Apa kwa mayu.”

Nikaapa. Akaenda nyuma ya mwembe, tukamsikia. Wifi akampeleka mtoto upande wa pili wa nyumba na kumwimbia kwa sauti ya juu ili tusisikie sana. Kulwa aliporudi alinipa kikopo amekifunga vizuri, amekifuta kwa shati. Nilikishika kwenye mwanga wa simu. Katikati ya ute wa kijivu kulikuwa na nyuzi mbili nyekundu.

Juu yake niliandika herufi moja, K. Kitabu chetu kinadai jina kamili, umri, kitongoji na namba ya simu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi bodaboda aliondoka na kasha la sampuli kwenda kituo cha afya. Nilimpigia mtu wa maabara, niliyesoma naye, nikamwomba aanze na K. GeneXpert haizidi sana saa mbili. Nikarudi kwenye foleni ya siku ya pili nikiwaambia watu vuta, shika, basi, na mimi mwenyewe nikiwa nimeshika.

Saa tatu na robo simu ikatetemeka.

“Shija, huyu K ni nani?”

“Soma tu.”

“Vimelea vipo, vingi. Lakini sio hilo.” Akashusha sauti. “Rifampisini, sugu. Nimerudia kusoma. Sugu. Huyu mtu anatakiwa apate dawa nyingine kabisa, na asikae na watu. Yuko wapi?”

Sijui nilimjibu nini. Rifampisini ndiyo ile dawa ya mkojo wa chungwa; vimelea vilikuwa vimeizoea, vikajifunza kuishi nayo wakati Kulwa anahama na sufuria. Sasa Kulwa akimwambukiza mtu leo, mtu huyo anaanza na ugonjwa ambao tayari umeshamshinda daktari wa kwanza. Nilifikiria wanaume kumi na bomba moja la plastiki. Nikavua glavu, nikakimbia.

Kwenye mdomo wa duara mshika winchi alikuwa ameketi na mswaki mdomoni. Ubao wa misumari ulikuwa nyuma yake, karatasi za kijani zikining'inia, kila moja na jina. Walioshuka huacha chiti juu. Ya Kulwa ilikuwepo, msumari wa nne.

“Mtoe huyu.”

“Zamu haijaisha, sista.”

“Mtoe sasa hivi!”

Labda ilikuwa sauti, labda ilikuwa sare. Alivuta kamba ya kengele mara tatu, akawasha mashine. Kamba ilipanda polepole, ikilia kwenye roda, ikichuruzika tope. Kwanza ilitokea kofia ya Kulwa, yenye mkwaruzo mweupe. Kisha mabega. Alikuwa amevua shati kwa joto la chini, na vumbi lilikuwa limemganda mwili mzima isipokuwa kwenye mifereji ya jasho.

Begani, upande wa kushoto, ngozi ilikuwa imeinuliwa na kifundo.

“Kulwa yuko wapi?”

Doto akajifungua kamba taratibu. Aliyekosa chiti alikuwa yeye, na ameshuka kwa chiti cha mwenzake ili mgawo usipotee. Duara halijui sura ya mtu, linajua msumari.

“Ameondoka alfajiri. Yeye, wifi na mtoto. Mayu kapiga simu usiku, amesema mganga anawataka leo kabla jua halijazama, na vijana wa kijiji wameshaitwa.” Akajifuta mdomo. “Nilimwambia akusubiri. Akasema wewe umeshaapa, huna la kufanya.”

Basi la Kahama. Nalijua. Linapita Bukoli, linapita Kakola, watu wamebanana hadi mlangoni na madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Kutoka Kahama watabadilisha gari, Isaka, Tinde, Shinyanga mjini. Kabla ya saa kumi watakuwa Kishapu. Nilimpigia Kulwa. Imezimwa. Nilimpigia wifi. Iliita mpaka ikakatika.

Namba iliyobaki ilikuwa ya Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya. Yeye ana uwezo wa kumpigia mwenzake wa Kahama, na mwenzake anaweza kulisubiri basi stendi. Watamshusha mbele ya watu wote, mtoto akilia. Jina litakwenda Kahama, litarudi Geita, na kabla ya jua kuzama litakuwa mezani kwa Mzee Leseni. Au nisipige, na basi liende, na jioni vijana wa kijiji wasimame kwenye mlango wa bibi aliyenikata kitovu.

Nikabonyeza. Ikaanza kuita.

Doto aliniona ninavyotetemeka, akanishika mkono kwa viganja vyake vya tope.

“Shija, nisikilize. Sema ni mimi. Mimi si nina kikopo ambacho sikukirudisha? Mashine yenu si ilinipa 52? Andika Doto. Mgonjwa ni Doto, na mwenzake aliyekaa naye nyumba moja yuko kwenye basi, atafutwe taratibu akapimwe. Mgawo wa Kulwa utabaki. Mimi sina mke, sina mtoto. Nani atatujua? Lini mtu amewahi kutujua?”

“Ukipewa dawa zisizo zako zitakuumiza.”

“Mtulinga nao uliniuma.”

Upande wa pili simu ikapokelewa. Mtu mzima, sauti ya kazi, kelele za ofisi nyuma yake.

“Habari za asubuhi, sista. Nimeshaambiwa na maabara kuna K. Nina kalamu hapa. Jina la mgonjwa nani?”

ITAENDELEA